Ushauri: viti vya mianzi na kuta za chokaa

Ukindu: Habari zenu wanajamvi. Nimeamua kuondoa sebuleni plastiki na fenicha zote za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na mahali pake niweke viti vya mianzi, zulia la katani, mapazia ya pamba na kuta zilizopakwa chokaa, kwa sababu harufu ya fenicha mpya ilikuwa ikiniumiza kichwa kila nilipofunga madirisha. Naomba kujua mambo mawili: mianzi nipake nini ili idumu, na chokaa niipake vipi ili isimchafue nguo kila anayeegemea ukuta? Ningeshukuru kupata majibu leo.

MamaWawili: Hongera sana. Hukuuliza kuhusu zulia, lakini nitakujibu hilo kwanza. Katani hunyonya maji haraka, na tone la maji safi tu huweza kuacha alama, hivyo usilifue wala usilipige deki. Langu lilimwagiwa maji na mwanangu wa pili, nami kwa kiherehere nikalisugua kwa sabuni. Doa likawa kubwa zaidi, na tangu siku hiyo meza inakaa juu yake.

Seremala_Mkimya: Kabla ya kuuliza cha kupaka, uliza mianzi ilikatwa ikiwa na umri gani, na kama ilitibiwa. Mwanzi unaofaa fenicha hukatwa ukiwa na miaka 3 hadi 5. Ndani yake mna wanga, na wanga huo ndio chakula cha wadudu wanaotoboa, ambao huingilia kwenye ncha zilizokatwa na mahali palipochunwa ganda. Dawa iliyozoeleka ni kuiloweka katika maji yaliyochanganywa boraksi na asidi ya boriki kabla ya kuiunda. Vanishi ikipakwa juu ya mwanzi ambao haukutibiwa hupendeza macho tu. Je, asubuhi unakuta unga chini ya viti?

Ukindu: Upo kidogo, lakini nadhani ni vumbi la kawaida. Aliyeniundia alinihakikishia kwamba mianzi ilikauka vizuri, na viti nimekwisha vilipia vyote.

Mzee_wa_Kigoda: Nami niulize: fenicha ulizozitoa zimekwenda wapi? Ikiwa zimetupwa, mazingira hayakupata nafuu yoyote. Gundi ya mbao za namna hiyo mara nyingi hutoa formaldehaidi, hewa ya kemikali yenye harufu kali, ni kweli, lakini hutoa kwa wingi zaidi zikiwa mpya na hupungua kadiri muda unavyokwenda. Kuyaacha madirisha wazi kungekugharimu kidogo kuliko viti.

Chokaa_Safi: Turudi ukutani. Chokaa hugandamana na ukuta kwa kunyonywa na plasta, kisha hukauka na kuwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Juu ya rangi ya plastiki haishiki, bali hubanduka. Ukuta wako una rangi gani kwa sasa? Na samahani kwa swali hili: nyumba ni yako?

Ukindu: Ukuta ulikuwa na rangi ya plastiki. Nimekwisha kuukwangua ule wa upande wa dirisha, karibu nusu yake. Nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba bado hajui, lakini sioni ubaya, kwa maana ninaiboresha mali yake kwa fedha zangu, na kwenye mkataba sikuona mahali palipotajwa chokaa.

Mzee_wa_Kigoda: Mkataba haukutaja pia kwamba usibomoe paa.

MamaWawili: Jamani, mpangaji mwenzangu aliwahi kupaka mlango tu, na siku ya kuhama akakatwa amana yote.

Jicho_la_Tatu: Ndugu zangu, mnahangaika na hadithi ya kutungwa. Alianza kwa kuomba njia ya kupaka, kumbe amekwisha kukwangua; unga haukuwepo, kisha ukawa upo; nyumba ilikuwa yake, sasa ni ya kupanga. Kila mazungumzo yanapopoa anatuongezea kipande kipya. Ninahisi huyu ni muuzaji wa viti vya mianzi anayetafuta wateja.

Seremala_Mkimya: Muuzaji gani anayejitangaza kwa viti vinavyobunguliwa?

Ukindu: Sikusema popote kwamba nyumba ni yangu. Rangi inavuka kama ngozi, vipande virefu vinavyojikunja, na chini yake kuna plasta ya saruji ya kijivu yenye nyufa nyembamba. Kuhusu viti, nimeviinua sasa hivi. Mguu wa nyuma wa kile kikubwa una matundu mawili ya duara karibu na ncha, na nilipougonga kwa ufunguo ulitoka unga laini wa rangi ya manjano. Anayetunga angejitungia mambo mazuri zaidi.

Jicho_la_Tatu: Maelezo mengi mno kwa mtu aliyekuwa akikwepa maswali. Ila nanyamaza.

Chokaa_Safi: Basi acha kukwangua. Mabaka ya rangi yakibaki, chokaa itatoka hapo hapo. Tena rangi ya plastiki haitulii vizuri juu ya ukuta wenye ungaunga wa chokaa, kwa hiyo atakayetaka kuurudisha ulivyokuwa atalazimika kuusugua wote kwanza, na huyo atakuwa wewe. Zungumza na mwenye nyumba kabla hujagusa upande wa pili. Akikubali, vaa miwani na glavu, kwa sababu chokaa mbichi huunguza macho na ngozi.

Ukindu: Nimempigia, hajapokea. Viti je, niviokoe kwa mafuta ya kitani?

Seremala_Mkimya: Mafuta hayawafikii waliokwisha kuingia. Kiti kile kikubwa kiweke mbali na vingine leo hii, kisha mrudishie aliyekiunda akiwa bado anakukumbuka. Akikataa, toboa tundu dogo katika kila pingili ambapo hapaonekani, uingize maji ya boraksi kwa bomba la sindano, na vyote vibaki ndani ya nyumba maana mvua huiosha dawa hiyo. Ukija kutumia mafuta ya kitani kwenye mbao, vitambaa ulivyofutia vianike vikiwa vimetandazwa. Vikirundikwa huweza kushika moto vyenyewe.

Ukindu: Vitambaa viko kwenye ndoo tangu jana. Ngoja nikavitoe.