Mtiririko kwenye migongano midogo ya viini: ni umbo la mwanzo, au ni gluoni tu?

Mleta mada:

Wakuu, kila mada hii ikiguswa kuna hoja inarudi: eti protoni ikigongana na kiini cha dhahabu haiwezi kuzaa kimiminika, kwa sababu chembe zinazotoka ni chache mno. Kwa hiyo mtiririko tunaoupima, yaani chembe kutoka nyingi zaidi upande fulani kuliko mwingine, ungekuwa ni alama tu ya jinsi gluoni (chembe zinazozigandisha kwaki ndani ya protoni na nyutroni) zilivyokuwa zimejipanga kabla ya kugongana. Naipinga hoja hiyo, na nataka tubishane kwa vipimo.

Kundi la PHENIX, kwenye kiongeza-kasi cha RHIC kule Brookhaven, New York, walipiga dhahabu kwa makombora matatu: protoni, deutroni na heliamu-3. Nishati ni ileile, GeV 200 (GeV ni kipimo cha nishati) kwa kila jozi ya nukleoni, yaani protoni au nyutroni. Kilichobadilishwa kwa makusudi ni umbo. Protoni huacha doa moja la joto kali, karibu la duara. Deutroni ni protoni na nyutroni zilizoshikana kwa ulegevu, kwa hiyo huacha madoa mawili na umbo zima linarefuka. Heliamu-3 huacha matatu, na mara nyingi yanakaa kipembetatu.

Kama kilichozaliwa hapo ni kimiminika, kanieneo hushuka haraka zaidi kwenye upande mwembamba, na chembe nyingi husukumwa huko. Kurefuka kwa umbo hugeuka kuwa v2, yaani mtiririko wa duaradufu. Upembetatu hugeuka kuwa v3, mtiririko wa pembetatu. Hesabu za PHENIX zilikadiria kiwango cha kurefuka kwa umbo la mwanzo (sifuri ni duara kamili) kuwa 0.23 kwa protoni, 0.54 kwa deutroni na 0.50 kwa heliamu-3. Upembetatu ulikuwa 0.16, 0.18 na 0.28. Matokeo yaliyotoka mwishoni mwa 2018 yalifuata mpangilio huohuo: v2 ya protoni iko chini na hizo mbili ziko juu; v3 ya heliamu-3 inawapita wenzake. Ingekuwa ni gluoni peke yake, kombora kubwa lingekuwa na maeneo mengi ya gluoni yasiyohusiana, kila moja na mwelekeo wake, na alama ingefifia badala ya kukua.

Mchangiaji:

Mkuu, umeeleza vizuri ila umeruka jambo zito. Kundi la STAR, majirani wa PHENIX kwenye RHIC hiyohiyo, walichapisha vipimo vyao 2023, na v3 yao inakaribiana kwa makombora yote matatu. Protoni si gololi. Mpangilio wa kwaki na gluoni ndani yake hubadilika kila mgongano, na ukiuingiza kwenye hesabu, upembetatu unatokea hata kwa protoni. Sasa ile pembetatu ya heliamu-3 imebaki na kazi gani?

Halafu kuna jeti, yaani mkupuo mwembamba wa chembe zenye nishati kubwa. Dhahabu ikigongana na dhahabu, jeti hupoteza nishati nyingi, tena bila ubishi. Deutroni na dhahabu hatujaona upotevu mkubwa wa namna hiyo. Kimiminika gani hakimpunguzi kasi anayepita ndani yake?

Mleta mada:

Hoja ya STAR ni ya kweli, lakini tazama inakupeleka wapi. Ukisema mabadiliko ndani ya protoni ndiyo yanayotengeneza pembetatu na pembetatu ikazaa v3, umeshakubali kwamba umbo ndilo linalofanya kazi. Tunachogombania ni ramani ya protoni tu. Na v2 ya STAR wenyewe bado ni ndogo kwa protoni kuliko kwa hao wawili.

Tena hawakupima mahali pamoja. PHENIX walilinganisha chembe za katikati na zile zinazotoka mbali, upande inakoelekea dhahabu. STAR walibaki katikati, na huko chembe za jeti moja hukaa karibu karibu, kwa hiyo kazi ya kuziondoa ni ngumu zaidi. Hapo ndipo ningetaka wataalamu wa vipimo waingie, maana kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye utata hasa.

Kuhusu jeti, tone dogo lina njia fupi, kwa hiyo upotevu hauwezi kuwa mkubwa. Mwaka 2025 LHC, kiongeza-kasi kikubwa cha CERN kule Ulaya, iligonganisha oksijeni na oksijeni, na kundi la CMS wakaona chembe zenye nguvu nyingi zimepungua, alama ya upotevu huohuo. Oksijeni ina nukleoni 16 tu.

Baada ya oksijeni wakapiga neoni kwa neoni, yenye nukleoni 20. Ukubwa unakaribiana. Tofauti kubwa ni kwamba neoni imerefuka. Wanahaidrodainamiki, yaani wanaokokotoa mwendo wa vimiminika, walikuwa wameshatabiri kwamba viini vikigongana uso kwa uso, v2 ya neoni itaipita ya oksijeni, na vipimo vikaonyesha hivyo. Anayesimama na gluoni peke yake anijibu hapa: zimejuaje kwamba neoni ni ndefu?