Mkono wa mtoto umeingia nyekundu, nesi kanifokea mbele za watu. Nirudi Jumanne au nihamie zahanati nyingine?

MamaWawili_Njombe

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu juzi, naomba mnisaidie mawazo kabla siku ya kurudi kliniki haijafika.

Nina mtoto wa kiume wa miezi 13. Kwetu tunalima viazi na mahindi, na tuna miti michache ya parachichi ambayo mnunuzi huja kuchuma mwenyewe. Chakula hatujawahi kukosa. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Jumanne nilimpeleka kliniki kama kawaida. Akavalishwa kile kikaptula, akaning'inizwa kwenye mizani: kilo 7.2. Mwezi uliopita alikuwa 7.6. Nesi akamshika mkono wa kushoto, akapitisha utepe katikati ya bega na kiwiko, akauvuta taratibu mpaka ukagusa ngozi. Kale kadirisha kakaonyesha nyekundu. Sentimita 11.3.

Hapo akapaza sauti: "Mama, huyu ana utapiamlo! Unamlisha nini? Mnajua kuzaa tu!" Benchi zima likageuka. Tulikuwa akina mama kama ishirini, nusu yao wa kijijini kwetu, na mimi nina mimba ya miezi mitano ambayo haifichiki tena. Nikasikia mmoja nyuma anasema polepole, "Kambemenda." Nilimfunga mtoto mgongoni soksi moja nikiwa nayo mkononi.

Nilipewa pakiti 21 za chakula dawa na kichupa cha dawa ya maji, nikaambiwa "tatu kwa siku, rudi Jumanne". Basi. Kwenye kadi ameandika maneno ambayo siwezi kuyasoma.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema, ndiye anayekaa na mtoto nikiwa shambani, sitaki mmseme vibaya. Lakini ndiye aliyeniambia niache kunyonyesha mtoto alipofika miezi tisa, nilipojua nimeshika mimba, kwamba maziwa yameshaharibika. Sasa anasema ugonjwa huu hospitali hawauwezi, mtoto kabemendwa, twende kwa mzee mmoja akaogeshwe dawa ya mizizi. Mume wangu hasemi kitu. Mnajua kubemenda maana yake nini: kwamba mmoja wetu kavunja mwiko, au katoka nje ya ndoa. Tunakula ugali kila mtu anaangalia sahani yake.

Naomba kujua: hicho chakula dawa ni kitu gani hasa, kina madhara? Dada yake wa miaka mitano analilia, naweza kumgawia kidogo? Na je, kwa aibu ile, nikihamia zahanati ya kijiji cha pili nitakuwa nimekosea? Kusema kweli miguu haitaki kurudi pale.

---

MamaPacha_Kibaigwa

Pole sana mdogo wangu. Mimi nilikimbia aibu kama hiyo, naomba wewe usikimbie.

Kulwa wangu utepe ulionyesha njano, nikasemwa mbele ya watu, nikakaa nyumbani miezi miwili. Siku moja nikaona miguu yake imejaa, na mashavu pia, nikafurahi kwamba ananenepa. Jirani ndiye aliyebonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, akaachia, shimo likabaki. Ule ulikuwa uvimbe. Tulilazwa hospitali ya wilaya, akalishwa maziwa maalumu kwa mpira wa puani, kidogo kidogo, usiku na mchana. Amepona, yuko darasa la pili sasa. Ila ile miezi miwili nikiikumbuka moyo unashtuka. Nenda Jumanne, hata kama utainamisha kichwa.

---

Mwana_wa_Kitulo

Dada pole. Kwa uzoefu wangu, hizo pakiti zikiisha tafuta unga wa lishe ule wa nafaka nyingi: mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya, karanga, ngano, vyote humo humo. Wanangu wote wamekua kwa huo.

---

NesiMstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto miaka 31, na utepe huo nimeushika mpaka vidole vinaujua gizani. Nitaandika kirefu kwa sababu ulistahili kuambiwa haya yote Jumanne, ukiwa umekaa kwenye kiti, mlango ukiwa umefungwa.

Nianze na ulivyofokewa. Nilipokuwa kijana kazini nami nilifoka. Nilidhani mama akiogopa atajirekebisha. Kisha nikawa nafungua daftari la watoto wenye utapiamlo na kuona kitu kile kile: jina, uzito, tarehe ya kwanza, halafu mstari mtupu hadi mwisho wa ukurasa. Wale niliowafokea hawakurudi. Wengine nilikuja kusikia habari zao msibani. Tangu hapo nikawa namvuta mama pembeni, namwonyesha utepe mwenyewe ausome, na ninamuuliza "nyumbani nani anamlisha?" kabla sijasema lolote. Kwa hiyo nesi wako alikosea, na mimi nakuomba radhi kwa niaba ya kazi yetu.

Sasa utepe. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri. Kuanzia 12.5 ni kijani. Mwanao ana 11.3, maana yake mwili umeanza kula akiba yake wenyewe, nyama na mafuta ya mkono yamepungua. Ni jambo zito na linataka matibabu. Lakini kama ana hamu ya kula, miguu haijavimba na hana homa kali wala kutapika, anatibiwa akiwa nyumbani, ndiyo sababu hukulazwa. Ile dawa ya maji, ikiwa ndiyo ninayoifikiria, ni ya kuua vijidudu, maana mtoto aliyedhoofika hivi anaweza kuwa na maambukizi bila hata kuchemka mwili. Mpe mpaka siku walizokwambia ziishe. Kama hawakukutajia siku, waulize kabla ya Jumanne.

Chakula dawa ni karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ina gramu 92 na nguvu ya kalori 500, ndiyo sababu kidogo kinatosha. Kwa kilo 7.2, pakiti tatu kwa siku ni sawasawa, nesi wako hesabu alipiga vizuri. Nawa mikono, muoshe na yeye, ifinye pakiti kwa nje mpaka mafuta yachanganyike, chana kona, alambe taratibu. Usikipike, usikoroge kwenye uji. Apate maji safi ya kunywa kila mara kwa sababu kinaleta kiu. Mpe hicho kwanza, chakula kingine baadaye. Akishindwa kumaliza kwa mara moja, kunja mdomo wa pakiti uhifadhi, ataendelea baadaye siku hiyo hiyo.

Dada yake usimgawie. Najua ni vigumu, mtoto anakutazama machoni. Mpe yeye kipande cha parachichi au yai wakati huo huo, na mdogo akae upande mwingine wa jiko. Ukimgawia pakiti moja kwa siku, umemnyang'anya mgonjwa theluthi ya dawa yake.

Kuhusu kubemenda, msikilize mama mkwe wako kwa adabu, kwa sababu wazee waliona jambo la kweli. Waliona kwamba mama akishika mimba mapema, mtoto aliye mgongoni anakonda. Hilo lipo, nimeliona maisha yangu yote. Kinachomkondesha ni kunyang'anywa ziwa akiwa na miezi tisa na kubaki na uji mwepesi, hakuna aliyetoka nje ya ndoa. Maziwa ya mama mjamzito hayaharibiki. Yanaweza kupungua na ladha ikabadilika, lakini mimba isiyo na matatizo haimzuii mtoto kunyonya. Mume wako msomee haya, au mpe simu asome mwenyewe. Na kwa mzee wa mizizi msimpeleke: akinyweshwa kitu, ini na figo za mtoto wa namna hii haziwezi kubeba, na akiogeshwa asubuhi ya baridi ya Njombe, joto la mwili linashuka upesi.

Umeandika kwamba chakula hamjakosa. Nakuamini. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya 100 nchini wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, karibu 57, kisha Njombe na Rukwa, karibu 50. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha wengine! Kudumaa ni ufupi wa muda mrefu na mwanao yeye amekonda, lakini njia zinakutana mahali pamoja: mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anapewa uji asubuhi na jioni, na parachichi lote limeingia kwenye kreti za mnunuzi. Bakiza matano kwa wiki. Moja likipondwa ndani ya uji mzito, ule unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika, linabadilisha mlo. Dagaa wa kusaga, maharage yaliyotolewa maganda, yai. Kwa umri wake milo mitatu au minne, na kitu cha kutafuna katikati mara moja au mbili. Mwachie mama mkwe kibakuli cha mtoto peke yake, asile sahani moja na wakubwa, ili muone kamaliza au kabakiza.

Ndugu Mwana_wa_Kitulo, nia yako ni njema ila huo unga wa vitu saba nisingempa huyu. Nafaka na mikunde vikirundikwa pamoja, vingine huzuia mwili kufyonza madini ya vingine, soya isiyoandaliwa vizuri inasumbua tumbo, na karanga au mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Na mtoto akipata mzio hujui kimemdhuru kipi kati ya saba. Unga wa nafaka moja unatosha, vingine viongezwe kwenye sufuria siku ya kupika.

Usihame kituo. Pakiti za wiki hutolewa kwa uzito wa siku hiyo na rekodi ya wiki iliyopita, na si kila zahanati ina chakula dawa. Jumanne nenda mapema, muulize mganga mfawidhi kabla ya foleni, mwambie: "Naomba niongee faragha, na naomba nielezwe kilichoandikwa kwenye kadi." Ni haki yako, wala si ukorofi. Huduma ya mtoto chini ya miaka mitano na ya mjamzito kwenye vituo vya umma, kwa sera ya nchi, hailipiwi, kwa hiyo mtu asikudai pesa ya pakiti.

Usingoje Jumanne kama atakataa kula kabisa, atatapika kila kitu, atapata degedege, atalegea, au miguu yote miwili itajaa. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na wewe, vidonge vyako vya kuongeza damu unameza?

---

Mhudumu_wa_Jamii_Mufindi

Bibi nesi amemaliza, naongeza mawili. Dada, uliza mwenyekiti wa kijiji lini ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, sisi tunaiita SALIKI, hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Pale tunapima watoto wote mkono, hakuna anayenyooshewa kidole kwa sababu foleni ni ya kijiji kizima. Mtafute na mhudumu wa afya wa kitongoji chako, akufundishe kupima mwenyewe. Mama mmoja hapa kwangu anautundika utepe kwenye msumari karibu na kalenda, kila Jumapili anampima mtoto kabla ya kwenda kanisani.

La pili, kama kaya yenu ni walengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, kumpeleka mtoto kliniki ni moja ya masharti ya ruzuku, kwa hiyo ukikaa nyumbani kwa aibu mnaweza kukatwa. Na pakiti zikiisha kituoni usirudi kimya. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kila mwaka kwa ajili ya lishe. Afisa lishe wa wilaya yupo, mwambie mganga mfawidhi ampigie mbele yako.

---

MamaWawili_Njombe

Asanteni. Bibi nesi, nimesoma ujumbe wako mara tatu na kulia mara moja. Vidonge nilikuwa nameza siku nikikumbuka, sasa nimeviweka juu ya ndoo ya maji ya kunywa.

Jana usiku nilimpa mume wangu simu asome. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu pale pa maziwa ya mjamzito, akasoma tena. Hakusema mengi. Akaamka akaenda kumwambia mama yake kwamba kwa mzee hatuendi. Sikusikia walichozungumza.

---

MamaWawili_Njombe

Nimerudi kuwapa habari kama nilivyoahidi moyoni. Leo ilikuwa Jumanne. Nilifika saa moja na nusu na mama mkwe, alisema anataka kuuona huo utepe. Mganga mfawidhi alitusikiliza ofisini kwake, akatusomea kadi neno kwa neno. Nesi yule yule ndiye aliyempima, safari hii kwa sauti ya chini. Hakuomba radhi, ila alimwonyesha mama mkwe namna ya kufinya pakiti.

Uzito 7.45. Mkono 11.4, bado nyekundu. Nimepewa nyingine 21. Bibi nesi, swali moja: alikuwa anamaliza tatu vizuri, ila tangu jana anaacha robo ya pakiti ya jioni, na mama mkwe amekuwa akimpa uji wa saa kumi kabla yake. Nisogeze uji mbele?

---

NesiMstaafu

Ndiyo, pakiti itangulie, uji ufuate. Gramu 250 kwa wiki ni vizuri sana. Akifika 12.5 na kubaki hapo mahudhurio mawili mfululizo ndipo atatolewa kwenye matibabu, si kabla, hata kama mashavu yamejaa. Mpe mama mkwe salamu zangu.