Majirani wa Plot, Umoja: usiku wa Taji

Mama Taji 21:12: Majirani mko macho? Taji ako na homa tangu saa kumi, nilidhani ni homa ya kawaida tu lakini saa hii hata mate hamezi yanamtoka tu, na sauti ni kama ya mtu ako na kiazi moto mdomoni

Shosh namba 4: Hiyo ni kimio mamii. Kesho akatwe, kuna mzee namjua Kayole

Baba Shiru: Shosh aki pole, lakini hapo zii 🙏

Mama Neema nesi: Anakohoa?

Mama Taji: Hapana. Akivuta pumzi kuna mlio kama filimbi, amekaa ameinama mbele na nikimlaza anapigana. Nataka nimwangalie koo na kijiko na tochi ya simu

Mama Neema nesi: USIMFUNGUE MDOMO!! Wacha hiyo kijiko. Si kimio, nyuma ya ulimi huko chini kuna kakifuniko kanazibanga njia ya hewa tukimeza, bakteria wakikashika kanafura, ukikachokoza ama mtoto akilie sana hewa inaweza kukatika kabisa. Usimlaze, usimpe maji wala dawa, mbebe vile amekaa. Nakuja na wewe hosi

Baba Shiru: Gari iko tayari. Keateka geti

Keateka: Wazi

Shosh namba 4: Si wa Mama Ryan alibweka usiku mzima na akapona

Mama Ryan: Ndio Shosh but yeye alikuwa anakohoa kama mbwa, tuliambiwa ni virusi

Mama Neema nesi 23:51: Amewekwa mrija thieta, anapumua. Antibayotiki inaingia kwa mshipa. Daktari ameitisha kitabu cha kliniki, chanjo ya Penta alidungwa ile ya wiki 6 peke yake

Mama Taji: Ya 10 na 14 tulikuwa ushago, nikarudi nikasahau 😭

Mama Neema nesi: Usijilaumu saa hii. Ndani ya Penta kuna chanjo ya bakteria anaitwa Hib, huyo ndiye alikuwa analeta hii sana kabla ya 2001 ianze kudungwa Kenya, mimi kazini nimeona hii mara mbili tu

Mama Ryan: Nimetoa masanduku yote chini, kitabu cha Ryan sioni

Shosh namba 4: Taji amekula?

Baba Shiru: Shosh ako na mrija kwa koo

Shosh namba 4: Basi mama yake. Naleta uji asubuhi