"Kindly revert" imenirudisha zamu za usiku

Mama Zuhura, Leicester:
Wapendwa, salaam. Kwa ajili ya mtoto niliomba flexible working, yaani kubadilishiwa saa za kazi, nikatolewa usiku nikawekwa mchana. Barua ya kuthibitisha haikuja. Wiki iliyopita nikawaandikia HR: nasubiri barua, "kindly revert by Friday". Ijumaa rota inatoka, niko usiku! Kuuliza, naambiwa si umeomba mwenyewe urudishwe ulipokuwa. Sasa nikijaza fomu upya, itahesabiwa ombi la pili? Maana ni mawili tu kwa miezi 12.

Baba Neema, Reading:
Pole dada. Huku Uingereza "revert" ni kurudi kwenye hali ya zamani, si kujibu. Andika "please reply", basi. Hicho ni Kiingereza cha Wahindi. Mimi niliwaandikia payroll "do the needful", yaani fanyeni kinachohitajika, wakauliza needful ipi. P45 yangu, ile karatasi ya kodi ukiacha kazi, ikakaa wiki sita.

Wakili Mstaafu, Birmingham:
Wahindi peke yao? Nimekaa ofisi za Nairobi miaka 11, barua isiyo na "kindly revert" ilionekana haina adabu. Singapore na Malaysia wanaandika hivyo hivyo. Tusiwasingizie watu.

Baba Neema:
Sijamsingizia mtu. Soma tena.

Shangazi, Coventry:
Mnagombana bure. Mtoto mtukutu anarudiwa, yaani anatiwa adabu. Kitambaa kibaya kikifuliwa kinarudi, gauni la dada linamtosha mdogo wake. HR wamekurudi, Mama Zuhura, tena bila fimbo.

Abu Leyla, Cardiff:
😂 Shangazi! Mimi nilimwambia supavaiza "I'm coming" huku natoka zangu. Akanisubiri mpaka chai yake ikapoa. Kwetu Tanga "nakuja" ndiyo namna ya kuondoka bila kumuudhi mtu.

Wakili Mstaafu:
Ndiyo matokeo ya kusoma msingi kwa Kiswahili halafu sekondari mnatupwa kwenye Kiingereza.

Abu Leyla:
Mzee, aliyerudishwa usiku kaandika Kiingereza chenu cha Nairobi.

Mama Zuhura:
Nimecheka, ahsanteni. Ila fomu? Leo usiku naingia kazini na mtoto sijui namwacha na nani.

Baba Neema:
Sheria ilibadilika 6 Aprili 2024. Unaomba tangu siku ya kwanza kazini, na wana miezi 2 ya kukujibu. Wapigie ACAS, shirika la ushauri wa mambo ya kazi, ushauri wao ni bure.

Wakili Mstaafu:
Hilo hakuuliza. Kauliza kama ni ombi la pili.

Baba Neema:
Basi mjibu wewe, wakili.

Shangazi, Coventry:
Mama Zuhura, ningekuwa Leicester mtoto angelala kwangu. Kwetu ungegonga ukuta tu, jirani akaja kumchukua na shuka lake. Abu Leyla, Tanga ya wapi? Mimi wa Ngamiani.

Abu Leyla:
Ngamiani, barabara ya 8! Shangazi, nyie barabara ya ngapi?