Madini yenye jina la Mwalimu na lava ya Ol Doinyo Lengai: nyeusi au nyeupe?

Mtunga_Maswali
Wakuu, heshima kwenu. Naandaa chemsha bongo ya kidato cha tatu. Swali lenyewe: "Ni madini gani yamepewa jina la Mwalimu Nyerere, na yanapatikana mlima gani?" Jibu ninalo: nyerereiti, Ol Doinyo Lengai. Nilipokwama ni kwenye maswali ya nyongeza. Picha nyingine zinaonyesha lava nyeusi, nyingine nyeupe pe. Ipi sahihi? Na yale mawe meupe yanayookotwa kule juu ndiyo nyerereiti yenyewe?

Jiwe_Moto
Mkuu, picha zote ni sahihi, tofauti ni muda tu. Ikitoka ni nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gari. Mchana haing'ai, ukiitazama unaweza kudhani ni tope. Usiku ndipo unaona wekundu hafifu. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, wakati lava ya basalti hufika 1,100 na zaidi. Lava za kawaida zina silika nyingi, na silika ndiyo inayozifanya nzito. Hii karibu haina silika kabisa, ni kaboneti za sodiamu, kalsiamu na potasiamu, ndiyo maana inatiririka kama maji.

Ikishapoa, unyevu wa hewa unaanza kuila. Ndani ya saa chache weupe unajitokeza, na mvua ikinyesha inabadilika upesi zaidi. Kwa hiyo uliza "ina rangi gani *inapotoka*?", vinginevyo utabishana na wanafunzi mpaka jioni.

Mawe meupe: hapana. Nyerereiti ni Na₂Ca(CO₃)₂ na haivumilii maji. Maji huondoa sodiamu na kuacha madini mengine, na juu ya jiwe hujitokeza chumvi za jamii ya magadi. Anayetaka sampuli halisi huichukua mara tu lava inapopoa na kuifungia kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa. Hata maabara, kipande cha kuangalia kwa hadubini husagwa kwa mafuta, si maji. Ukitumia maji unayeyusha kile kile unachotafuta. Chini ya hadubini, nyerereiti ni vipande bapa, na vile vya mviringo katikati yake ni gregoriiti, madini mengine ya lava hiyo hiyo.

Bonde_la_Ufa
Hiyo gregoriiti ni swali zuri la ziada. Imepewa jina la John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1893 kuchunguza Bonde la Ufa. Alifariki mwaka 1932 kwa kuzama katika mto Urubamba, Peru.

Angalizo: usiandike "mahali pekee duniani penye kabonatiti", yaani mwamba wa volkano wenye kaboneti nyingi. Mwamba huo upo pia Panda Hill karibu na Mbeya, na Mrima kule Kwale. Andika "volkano hai pekee inayotoa lava ya aina hii". Tena usiseme hutoa lava laini tu: Septemba 2007 mlima ulilipuka kwa nguvu na kurusha majivu juu sana, ukaendelea hadi 2008.

Olchani
Upande wa jina la mlima: kwa Kimaa ni Mlima wa Mungu, yaani wa Enkai. Wapo wanaogeuza wakaandika "Mungu wa Mlima", hilo ni kosa. Enkai anatajwa kwa sura mbili: Narok, mweusi, wa mvua na neema, Nanyokie, mwekundu, wa hasira. Hapo mwanafunzi asiunganishe weusi wa lava na ghadhabu, maana kwa Wamasai weusi ni rangi ya wingu la mvua.

Tahajia kubali zote, Oldoinyo Lengai na Ol Doinyo Lengai. Urefu ni bora usiulize: vitabu vingine vinasema mita 2,962, vingine 2,878.

Mtunga_Maswali
La urefu nimelifuta, na "inapotoka" nimeipigia mstari. Swali moja dogo: mtoto akijibu "tanzanaiti"?

Jiwe_Moto
Sifuri. Hiyo ina jina la nchi, na inachimbwa Mirerani.