Naombeni ushauri: PDP-11 yangu haishikani na swichi ya MILNET

Mgeni_Maryland: Wakuu, nimekwama na usingizi sipati. Nina PDP-11, kompyuta ya zamani ya kampuni ya DEC, nataka iwe kompyuta mwenyeji wa MILNET, ule mtandao wa jeshi la Marekani uliotengwa mwaka 1983 na ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Swichi ya pakiti, yaani IMP, naiiga kwa programu kwenye kompyuta ndogo. Biti zinapita kidogo, kisha kimya. Nibadilishe programu gani?

Babu_Terminali: Kwa nini ujitese na mwenyeji? Sisi miaka ya 80 tulikuwa na terminali na modemu tu. Unapiga simu kwenye TAC, yaani mashine ya kuingiza terminali mtandaoni, unaandika @o na anwani ya mwenyeji, umeingia. Siku moja laini ilikatika nikiwa katikati ya ripoti ya bosi, we acha!

MamaSwichi: Mdogo wangu, waya una urefu gani?

Mgeni_Maryland: Waya ni mzima dada, nimeupima.

MamaSwichi: Sijauliza uzima.

Mgeni_Maryland: Mita 25. Mashine iko gereji, IMP iko chumbani. Kadi ya kuunganisha PDP-11 na IMP ni ya aina ya mwenyeji wa karibu, yaani ya waya mfupi. Lakini waya nimeshalipia, na ukuta nimeshatoboa.

MamaSwichi: Sasa umesema. Mwenyeji wa karibu mwisho wake futi 30, kama mita 9. Wa mbali hufika futi 2,000 maana kila ishara hupita kwenye jozi ya nyaya. Kwa utaratibu wa 1822, ule wa mwenyeji kuongea na IMP, kila biti husubiri upande wa pili useme uko tayari kwa nyingine. Ishara moja ikipotea, wote wanangojeana.

Mwalimu_Tanga: Kijana, elimu hiyo ungewapa watoto, si kuchezea vitu vya jeshi.

Sidanganyiki: Hii chai. MILNET ilishazimwa, na ilitumia swichi za C/30 za kampuni ya BBN. Programu ya IMP iliyofufuliwa ni ya ARPANET, miaka ya 70. Weka picha.

Mgeni_Maryland: Picha hiyo hapo, kadi na waya wake bapa. IMP ni ya ARPANET kweli, ila 1822 ilitumika kote kuwili.

Sidanganyiki: Nimeiona. Kadi ni ya kweli, samahani mkuu.

MamaSwichi: Hamishia kompyuta ndogo gereji. Iunge na PDP-11 kwa waya wa mita 2. IMP za programu huongea zenyewe kwa zenyewe kwa UDP, njia ya kutuma pakiti kwenye mtandao wa kawaida, hiyo safari ndefu iachie Etheneti.

Mgeni_Maryland: Na zile mita 23?

MamaSwichi: Kata, usizionee huruma.