Mtihani wa leseni ya upimaji ardhi: umbali unapungua sentimita 8, na sheria nianzie wapi?

MwanaTudor:
Salaam wakuu. Najiandaa kwa mtihani wa Bodi ya Wapima Ardhi ya Kenya na mambo mawili yananikwamisha. La kwanza ni hesabu. Mstari kati ya bikoni (alama za mpaka) mbili za Nyali, Mombasa, umepimwa kwa totali steshoni (mashine ya kupima pembe na umbali), umbali wa mlalo mita 250.000. Nikikokotoa kwa kodineti za UTM (gridi ya ramani inayogawa dunia kwa kanda) za bikoni zizo hizo napata 249.918. Mwelekeo unakubali, umbali unakataa. Konstanti ya prizimu (sahihisho la kioo kinachorudisha mwale wa mashine) nimeihakiki, iko sawa. La pili ni sheria: Sura ya 299 (Sheria ya Upimaji), kanuni zake, sheria za ardhi za 2012, ya mipango, ya majengo ya ghorofa. Nianze na ipi?

Fundi Bikoni:
Ndugu, acha kuisingizia mashine, jawabu zote mbili ni sahihi. Moja ni umbali wa ardhini, nyingine ni umbali wa gridi, yaani wa kwenye ramani. Mombasa iko kanda ya 37 Kusini, meridiani ya kati ni nyuzi 39 Mashariki, na hapo kipimo (skeli) cha UTM kimepunguzwa kuwa 0.9996. Nyali iko kama kilomita 77 mashariki ya meridiani hiyo, kwa hiyo kipimo kimepanda kidogo. Fanya hivi: toa 500,000 (namba iliyopewa meridiani ya kati) kwenye kodineti ya Mashariki, gawa kwa nusu kipenyo cha dunia (chukua mita 6,357,000 kwa latitudo yetu), zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa mbili, ongeza 1, kisha zidisha kwa 0.9996. Utapata 0.99967. Mara 250, hiyo hapo 249.918 yako.

Kwa kilomita nzima ni kama sentimita 33. Sisi wa pwani tuna nafuu moja: tuko usawa wa bahari, sahihisho la mwinuko halionekani. Swali likikupeleka Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,660, ongeza upungufu wa sentimita 26 hivi kwa kilomita.

Na uandike kwenye karatasi ya hesabu kwamba umbali ni wa ardhini au wa gridi. Mtahiniwa anayechanganya hizo mbili ndani ya travasi (mfululizo wa mistari iliyopimwa) moja hawezi kuifunga, halafu analigawa lile kosa kwa njia ya Bowditch, kulingana na urefu wa kila mstari, kana kwamba ni kosa la kawaida la upimaji. Huko ni kuficha, si kusahihisha.

Bi Mizani:
Naongezea jambo linaloumiza kuliko hilo: datamu, yaani msingi ambao kodineti zinahesabiwa juu yake. Ramani zetu za mipaka ziko kwenye datamu ya Arc 1960, elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) ya Clarke 1880. Kipokezi cha satelaiti kinakupa datamu nyingine, WGS84. Ukiziweka pamoja bila kubadilisha, kiwanja kinahama takriban mita 300 upande wa kaskazini-kusini na karibu 100 upande wa mashariki-magharibi. Kodineti zote mbili zinaonekana za kawaida kabisa, Mashariki inaanza na 57 na Kaskazini na 955, kwa hiyo jicho halishtuki. Hapo ndipo mtu anaposimika bikoni katikati ya barabara ya jirani.

Halafu kuna plani za zamani za Cassini, projeksheni (njia ya kuilaza dunia kwenye ramani) tofauti na UTM, nazo ziko kwa futi. Cassini haina ile 0.9996. Mstari wa mashariki-magharibi hauongezeki, wa kaskazini-kusini unaongezeka, kwa hapa kwetu karibu sentimita 7 kwa kilomita. Kabla ya kugusa kikokotoo soma kichwa cha plani: projeksheni gani, meridiani gani, futi au mita. Dakika mbili tu.

Mzee wa Plani:
Kwa sheria, kijana wangu, anza na Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, pamoja na Kanuni za 1994. Hizo ndizo kazi yako ya kila siku. Kisha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, vifungu vya 18 na 19, mpaka uweze kueleza bila kitabu tofauti ya mpaka wa jumla (ramani inaonyesha takriban tu) na mpaka uliothibitishwa (mstari wake umepimwa kwa usahihi). Kifungu cha 18 kinasema mahakama haisikilizi mgogoro wa mpaka kabla mpaka haujaamuliwa kwa utaratibu wa kifungu hicho. Mashamba mengi ya mipango ya makazi Kwale na Kilifi yako kwenye ramani za masjala, mpaka wa jumla. Usiende huko kupima ramani kwa rula ukamwambia mtu ua wake umevuka nusu mita.

Kwetu pwani usikose Kanuni ya 110 katika hizo za 1994: ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa, inayopakana na bahari, ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida huachwa ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji makuu (bahari inapofika ikijaa). Watahiniwa huibandika kanuni hii juu ya kila kiwanja cha ufukweni, hata chenye hati ya miaka na miaka. Sivyo. Soma tena maneno "haijagawiwa".

Majengo ya ghorofa: soma sheria ya 2020, ile ya 1987 imefutwa.

MwanaTudor:
Shukrani sana. Je, kwenye kazi ya vitendo, nikikuta bikoni mbili za zamani zinakubaliana na plani, zinatosha kuanzia?

Fundi Bikoni:
Hazitoshi. Mbili zinakupa urefu mmoja tu, na mwelekeo hauna cha kuuhakiki. Moja ikiwa imeng'olewa na mjenzi ikarudishwa kwa kukisia, kwa umbali ule ule, hutajua. Tafuta ya tatu, iliyo mbali na mstari wa hizo mbili, upime pembe na umbali. Ikikataa, tafuta ya nne ndipo ujue mwongo ni nani. Chimba kwa uangalifu: chuma kikiwa kimeliwa na chumvi, zege lake mara nyingi bado lipo. Andika ulichokikuta kwenye kitabu cha uwandani hapo hapo, hata kama ni "haikupatikana".

Bi Mizani:
Kwa kalamu ya wino. Ukikosea kata kwa mstari mmoja, andika juu yake, tia herufi za jina lako. Usifute.